Kahawa Iliyouzwa Ingali Maua

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi, na nauli ya ujinga nililipa mwenyewe.

Msimu wa senene, panzi wetu wa kukaanga, ulikuwa umepamba moto Muleba nzima. Majirani wanatafuna, mimi nanusa tu. Mke wangu Kokugonza alisema mwaka huu wamekuwa adimu. Adimu vipi, na jikoni kunanukia? Kwetu Wahaya senene wakikaangwa, mume ndiye hutengewa kwanza. Halafu kila Alhamisi alipanda basi la Bukoba na kikapu kilichofunikwa jani la mgomba, akarudi anaimba. Mtu anaimba nini na ada ya binti yetu Judica haijulikani itatoka wapi?

Nikajiambia, kuna mwanamume mjini anakula senene wangu.

Mimi nami sikuwa msafi. Nilikuwa nimefanya butura: kahawa yetu yote nilimuuzia mchuuzi Alexander ikiwa bado maua, kwa bei ya kutupa, nikanunua makochi ili wageni wanione tajiri. Ila kila nikiyakalia nilihisi nimekalia mibuni yangu. Kokugonza hakuuliza pesa zilitoka wapi, nikadhani hajui.

Alhamisi ile nikamfuata kwa bodaboda, kofia imenishuka hadi puani. Sokoni Bukoba aliuza senene wote wa kikapuni upesi. Akashika njia ya mtaa wa Bakoba, akabisha kwenye geti moja. Aliyefungua, tena kwa kicheko, alikuwa Alexander.

Niliingia bila hodi.

“Karibu, shemeji,” Alexander akasema. “Umekuja kumshukuru mkeo? Amenisumbua kila wiki mpaka nikakubali. Leo amemaliza kunirudishia pesa yangu. Kahawa ni yenu, mtachuma wenyewe.”

Akaichana karatasi niliyoisaini.

Mfukoni sikuwa na hata nauli ya kurudi, lakini sijawahi kujisikia tajiri kama pale. Ningenyamaza, ningekuwa mtu wa maana mpaka nyumbani. Tatizo langu ni mdomo.

“Mama Judica,” nikamwambia njiani, “ndiyo uwauzie watu wa mjini senene wangu wote? Mumeo msimu mzima nameza mate, hata kiganja kimoja hukuniwekea.”

Hakupunguza mwendo.

“Kahawa uliila ikiwa maua, Baba Judica. Mimi ulinikaribisha?”