Mkate wa Kambini Chome

"Ukishuka leo, shuka na kila kilicho chako," Melkizedeki aliniambia. Ndiye mwenye kambi ya watalii, huku Chome, ukingoni mwa msitu wa Shengena. "Wageni wameongeza siku mpaka Jumatatu kwa sababu ya mkate wako. Nani atauoka? Mimi?"

Jamani! Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Kesho yake, kule Maore, ilikuwa sendofu ya binti yangu Irine, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa. Baba yake hayupo, Mungu amlaze pema. Nisipokuwepo mimi, nani amkabidhi mwanangu, jirani? Na kazi nikiiacha, kwa umri huu nani ataniajiri? Nilikuwa kama kuku chini ya tenga.

Na tenga lenyewe nililisuka mimi. Kambini tuna chungu cha chuma, kizito, chenye miguu mitatu na mfuniko wa kingo unaoshika makaa. Siri yake ni hayo makaa: chini machache, juu mengi. Miaka miwili nilimficha Clemence, mpishi mwenzangu. Kila nikitaka kupanga makaa, namtuma maji chemchemini. Nilijiambia, akijua huyu, mimi nimekwisha. Kumbe mchimba kisima huingia mwenyewe.

Nikameza kiburi, na kilikuwa kichungu. "Clemence," nikamwita, "njoo nikufundishe mkate."

Hakuuliza kwa nini. Akanawa mikono, akapaka chungu mafuta, akatia unga uliokwisha kuumuka.

"Sasa chini unaweka..." nikaanza.

Alikuwa ameshaweka. Makaa manane, kwa duara, katikati pamebaki wazi. Juu ya mfuniko akapanga kumi na sita. Baadaye akazungusha chungu kidogo upande huu, mfuniko upande ule, vilevile ninavyofanya nikiwa peke yangu.

"Ulijifunza lini wewe?"

"Mwaka juzi, Mama Irine." Macho yake yalikuwa kwenye makaa. "Unanituma maji na pipa linamwagika, nisijiulize? Nilikuwa nasimama nyuma ya mti, nakuchungulia."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema, bosi angeona wapishi wawili wa nini. Angekutoa wewe, na una watoto wa kusomesha."

Aibu, ndugu zangu, aibu! Nilitamani ardhi inimeze. Miaka miwili nimembebesha mtu ndoo bure, naye anaitikia tu, "Sawa, mama."

Mkate ukatoka umepanda, wa kahawia, unanukia. Melkizedeki akamega, akatafuna taratibu. Akanitazama mimi, kisha akamtazama Clemence, na nikajua anachowaza.

"Basi nenda, mama," akasema. "Wala usiwe na haraka ya kurudi."

Kabla sijafungua mdomo, Clemence akaweka koleo chini.

"Bosi, mpaka Jumapili nitajikaza. Jumatatu kama Mama Irine hajarudi, na mimi nashuka."

Melkizedeki akacheka. Clemence hakucheka. Wageni wawili walikuwa wameshajisogeza na siagi yao, wanaulizia mkate.

"Jumatatu asubuhi, Mama Irine," Melkizedeki akaguna. "Usichelewe."

Nilitaka kumwambia Clemence asante, ikagoma kutoka. Nikafunga kanga yangu, nikapanda bodaboda ya kwenda Same, nikalia kona zote za kushuka mlima. Dereva akapunguza mwendo.

"Pole, mama. Msiba?"

"Hapana, baba," nikamjibu. "Naenda kwenye sherehe."