Kikombe cha Tisa

Saa nne kamili, kama kila siku mwaka ule wa 1998, Mukonyo alishusha birika pembeni mwa kuari ya Kitengela akamimina vikombe tisa vya chai. Wachonga mawe wanane wakachukua vyao. Cha tisa kiliinuka chenyewe juu ya jiwe, kikainama, kikarudi chini kitupu. Hicho kilikuwa cha Gideon, nyapara.

"Leo umepika na majivu?" sauti ikauliza.

"Ni maziwa imepungua, bosi," Mukonyo akajibu, akasuuza kikombe.

Gideon alikuwa haonekani tangu Juni. Kabla ya hapo alionekana vizuri tu, mtu wa tumbo na kofia nyekundu. Desturi ya kuari ni moja: kabla ya baruti kuwashwa, nyapara anagonga mara tatu kile kipande cha reli kinachoning'inia kwenye mgunga, ili watu watoke shimoni. Siku ile malori yalikuwa yanangoja, na Gideon akawasha utambi bila kugonga. Ndolo, kaka yake Mukonyo, alikuwa chini.

Karani wa kuari aliandika ripoti kwa Kiingereza. Gari la kupeleka mwili nyumbani Machakos lilikuwa linanguruma, kwa hivyo Mukonyo akaweka sahihi kabla ya kusoma. Alisoma baada ya mazishi. Reli haikugongwa. Baruti ililipuliwa. Mtu mmoja aliuawa.

Aliijua kazi hiyo ya kugeuza sentensi. Mwalimu Rebecca aliwafundisha darasa la saba: mtendaji mtoe mbele, mpeleke nyuma, au ukipenda, mwache nje kabisa.

"Sasa mwalimu, akiachwa nje anaenda wapi?" Mukonyo aliuliza, na darasa zima likacheka. Alipata tisa kwa kumi.

Ripoti ilipopigwa muhuri, kofia nyekundu ilionekana ikitembea peke yake kuarini. Jioni kofia nayo ikaisha.

Faili ilikuwa ifungwe Ijumaa. Ikifungwa hivyo, Ndolo atakuwa ameuawa na hakuna aliyemuua. Alhamisi Mukonyo akaandika sentensi zile upya kwenye daftari, Gideon mbele ya kila moja, akaenda Kajiado kwa ofisi inayoweka faili za ajali.

"Sopa," mama wa mezani, jina lake Naserian, akamsalimu kwa Kimaasai.

"Ipa," Mukonyo akaitikia. "Nimeleta sentensi zangu."

Naserian alizisoma kwa kidole. "Kiingereza yako ni safi. Lakini huyu Gideon, ni nani amemwona?"

Kiti kitupu kando ya ukuta kikalia kwa uzito.

"Hata mimi sijajiona siku nyingi," sauti ikasema.

Mukonyo alifungua leso. Alikuwa amebeba vumbi la shimoni, la pale Ndolo alipolala. Akalirusha kitini. Tumbo likatokea, mabega, masikio mawili, mkono ukifikicha macho.

"Ndiye huyo!"

"Ni yeye kabisa," Naserian akakubali. "Habari ya siku nyingi, nyapara? Lakini dada, sahihi kwenye ripoti ni yako. Na hii fomu ina mahali pa aliyefanyiwa. Aliyefanya hana mahali."

"Andika hata pembeni, mama. Tafadhali. Andika hata na penseli."

Naserian alichukua kitambaa, akampangusa Gideon pole pole mpaka kiti kikabaki wazi. Kisha akapangusa meza.

Ijumaa faili ilifungwa.

Jumatatu baruti ilitegwa tena, na wanane wote walikuwa chini. Reli ilikuwa kimya. Mukonyo aliona moto wa kiberiti ukitembea hewani kuelekea utambi. Akatupa birika, akakimbia hadi kwenye mgunga, akagonga mara tatu. Watu wakatoka.

Tangu siku hiyo ikawa kazi yake, ingawa hakuna aliyempa. Kila jioni karani aliandika kitabuni: reli iligongwa. Ndivyo alivyojua kuandika.

Kufika Disemba mikono ya Mukonyo ilikuwa imeisha hadi viwikoni. Saa nne birika liliinama hewani, vikombe tisa vikajaa.

"Leo chai iko sawa," sauti ikasema.

 Mukonyo alikuwa anasikiliza kama kuna kiberiti kinatolewa mfukoni.