Koti la Meja Fideli

Saa mbili asubuhi leo Ndizeye aliniamkia shikamoo, nami nikaitikia marahaba, neno lilitoka lenyewe kabla sijaelewa naitikia nini, mtu aliyenizidi miaka kumi na kitu, mtu aliyenifundisha kukamua ng'ombe nikiwa darasa la tatu, siku zote salamu ilitoka kwangu kwenda kwake, shikamoo kaka Ndizeye, marahaba Dani, mbona umekonda, huko mjini hawapiki... na leo amesimama mikono nyuma, shikamoo mzee, akauliza mabenchi ya kigango yapangwe wapi, nikamwonyesha kwa kidole, sikusema kaka umekosea, nilinyoosha kidole upande wa migomba nikaingia sebuleni kumalizia koti, na sasa niko hapa na wembe, mshono mmoja umeachia, wa pili umeachia, uzi mwekundu, Iradukunda, mke wa Ndizeye, hakuwa na uzi wa kijani siku hiyo au aliona haina haja, nani angechungulia bitana ya koti la mtu anayelala zizini... Kiraka ni cha kitenge, kina ndege wa njano, na kinatakiwa kitoke kwa sababu kadi nimeshaiandika, Koti la baridi la Meja Fideli, alilivaa tangu akiwa luteni hadi mwisho wa maisha yake, na mgeni akifunua koti akakuta ndege wa njano atauliza, na akiuliza itabidi mtu ajibu.

Bonifasia hapo mbele anahangaika na sanamu, leo amefunga duka lake la kukodisha magauni ya harusi kule Biharamulo mjini akatuletea sanamu mbili za kuvalishia nguo kwenye bajaji, ndizo pekee tulizopata wilaya nzima, zote za kike, na ile aliyoivalisha sare ya sherehe ya baba imetokeza kifua, medali zimelala juu yake kama zimewekwa mezani, mama anacheka, anasema Fideli wangu alianza lini kunyonyesha, na Bonifasia anamjibu bila kugeuka, Mama Danstan, cheo kikipanda na kifua kinapanda, na mama anasema mfunge kitambaa kwa ndani basi, padri anakuja... sijamsikia mama akicheka hivyo tangu msiba, kwa hiyo hili ni jambo jema, nilijiambia hivyo tangu mwanzo, jambo jema, nyumba ya Runazi ifunguliwe siku moja watu waone, wanafunzi waje, kombati, buti, mkanda, chupa ya maji ya bati, kijiti alichokuwa anakishika kwapani, kila kitu na kadi yake, nani, nini, lini, wapi, miaka yote niliyokaa chumba cha habari nimefundishwa hivyo, na Mzee Matiasi, sajini mstaafu, alikwenda kutuulizia jeshini kama sare zinaruhusiwa akarudi na jibu, ziwekwe ndani ya nyumba, mtu asizivae, basi. Kilichobaki kilikuwa koti. Picha yake ipo ukutani, baba kijana juu ya kilima cha Ngara, ukungu nyuma yake, kola imesimama, kila aliyewahi kuingia hapa anaijua picha hiyo, na Mzee Matiasi alipouliza, na lile koti je, nilimjibu lipo. Lilikuwepo. Lilikuwa Nyamahanga, mgongoni kwa Ndizeye.

Danstan, anaita mama, wale wastaafu wa jeshi wamefika madukani, wanakunywa chai, watakuja sasa hivi, naitikia ndiyo mama, wembe unapita chini ya uzi, mshono mwingine... na mama anajua. Hapana, mama anajua nusu. Aliniuliza, Ndizeye amekubali, nikamwambia amelitoa mwenyewe, na ni kweli, alilitoa mwenyewe, sikulishika hata kola. Nilikwenda Nyamahanga na bodaboda, kulikuwa na manyunyu, nikamkuta anarudi na ng'ombe, amelivaa, na nilikuwa nimepanga kumwomba, naapa nilikuwa nimepanga kusema kaka tuazime siku moja, lakini njiani niliwaza akikataa je, akisema Meja alinipa, ningemjibu nini, maana siku ya kuondoa matanga nilikuwepo, nguo za marehemu zilitandikwa kwenye mkeka uani kama inavyofanyika kwetu, baba mdogo Privatus akazigawa moja moja mbele ya ukoo, shati kwa huyu, suti kwangu mimi, viatu kwa yule, na alipomaliza akanyoosha mgongo akasema koti la baridi msilitafute, liko kwa Ndizeye, alipewa na mwenyewe akiwa hai, na kitu alichokitoa marehemu kwa mkono wake hakiletwi mkekani, na watu wote walipiga makofi, nami nikapiga, Ndizeye akiwa nyuma kabisa anatazama chini. Ndiyo maana sikuomba. Nilisimama mbele yake kwenye manyunyu nikasema, kaka, siku hizi kuna watu wanaulizwa wamepata wapi nguo za namna hii. Nikasema, njia ya kwenda Ngara kuna vizuizi, wanaomba vitambulisho. Nikasema, Mzee Matiasi ameambiwa zisivaliwe. Nikanyamaza.

Sikusema uongo hata mmoja. Hilo ndilo nililoshikilia siku zote hizi, kila sentensi ingepita mezani kwa mhariri, ya kwanza ilithibitishwa, ya pili niliiona kwa macho yangu, ya tatu ina chanzo chenye jina... na koti halina hata alama, baba alizing'oa zote mwenyewe kabla hajampa, akaweka na vifungo vya dukani, sasa hivi ni koti la kijani tu, mtu angeweza kulinunua mnadani, nilijua hilo, sikulisema, na kitambulisho anacho, alizaliwa hapahapa, mama yake ndiye aliyevuka kutoka Burundi akiwa na mimba yake, hilo pia nilijua, kijiji kizima kinajua, na kijiji kizima kinajua anavyoacha kuongea gari lolote la serikali likipita, tulikuwa tunamcheka tukiwa watoto, Ndizeye gari hilo, Ndizeye wanakuja, naye anacheka na sisi ila macho hayamo kwenye kicheko. Nilizipanga sentensi tatu za kweli kwa mpangilio, na niliujua mpangilio, hiyo ndiyo kazi yangu, ipi ianze, ipi ifuate, wapi uache msomaji amalizie mwenyewe. Alimalizia mwenyewe. Aliniambia, mimi nina kitambulisho, mdogo wangu, akasema hivyo mara mbili, na mkono wake ulikuwa tayari kwenye kifungo cha juu, akavua, akatoa vitu mfukoni, kipande cha kamba, maharage machache, tumbaku, akalikung'uta koti maji, akalikunja kama mtu anayerudisha kitu kilichoazimwa, akanipa kwa mikono miwili. Halafu akasema lile. Akasema, "Usiwaambie lilikuwa kwangu." Nami nikasema sawa. Sikusema kaka sikiliza, hakuna anayekutafuta. Nilisema sawa, nikapanda bodaboda, na koti lilikuwa bado na joto lake, nikaliweka mapajani, likanipasha joto njia nzima mpaka Runazi.

Tangu siku hiyo ananiita mzee.

Bonifasia anasema lete hilo koti nilivalishe, huyu wa pili anaona baridi, namwambia bado kidogo, anasema unashona au unafumua, nasema nafumua, anakuja, ananiinamia begani, ananukia mafuta ya nywele, anatazama kitenge, anasema ala, mshono mzuri huo, nani kashona, na mama kule kwenye dirisha anaacha kufuta kioo... Wembe wangu unaendelea. Bonifasia anarudi kwa sanamu yake, anaimba kidogo puani. Nimefika kona ya mwisho, kitenge kinaning'inia, na chini yake hakuna bitana. Kuna tundu. Bitana ililika zamani, inaonekana pamba na upande wa ndani wa kitambaa cha nje, nilitaka kuondoa kiraka ili koti lirudi lilivyokuwa kwa baba, na kwa baba lilikuwa na tundu, alimpa likiwa na tundu, Iradukunda ndiye aliyelifanya livalike... na baba, alipompa, nilikuwepo likizoni, Ndizeye alikuwa ameanza kulala zizini kwa sababu ya wezi wa ng'ombe, baba akatoka chumbani na koti mkononi akamtupia, akamwambia, vaa, mimi sina lindo tena. Hakuna zaidi. Hakutoa hotuba. Na mwaka wa kiharusi nani alimwinua kitandani, nani alimwogesha, meja mzima anaogeshwa akiwa amefumba macho kwa haya, na Ndizeye anamwimbia nyimbo za ng'ombe za kwao ili asisikie maji, mama alinisimulia hayo kwenye simu, nami nikasema nitakuja mwisho wa mwezi, nina zamu. Na kadi inasema alilivaa hadi mwisho wa maisha yake. Nimeiandika mimi. Hii ndiyo sentensi ya uongo, kumbe ipo, nilikuwa naitafuta kule Nyamahanga, iko hapa mezani kwa wino mweusi, na hata hii Ndizeye ataipenda kuliko sisi wote, maana inamtoa, ndivyo alivyoomba, atapita mbele yake akiwa amebeba viti na atapumua.

Basi nifanye nini. Ninaweza kusimama mbele ya padri na wastaafu, mkono kwenye koti, niseme hili ni la Ndizeye, alipewa, nilimpokonya kwa maneno. Ningejisikia vizuri. Yeye angesikia jina lake likitajwa mbele ya Mzee Matiasi pamoja na koti la jeshi, kitu kimoja alichoniomba kisitokee. Ninaweza kulirudisha usiku, kimyakimya, nalo likae kwenye sanduku lake kwa sababu atalivaa wapi, nimeshamwambia barabarani kuna vizuizi. Ninaweza kumwambia zile sentensi hazikuwa na maana niliyozipa, na atasema ndiyo mzee, ndiyo mzee, kwa sababu sasa ananiitikia hivyo. Habari iliyokosewa tunaisahihisha kesho yake ukurasa wa pili. Hii haikukosewa. Ilifika kama nilivyoituma... Vijana wa kwaya wanapima ngoma huko nje, mbuzi amefunguka, mtu anamkimbiza, sauti ya Mzee Matiasi hiyo uani, hodi wenye nyumba, mama anapokea, karibu afande, karibuni, na Ndizeye yuko chini ya migomba na benchi begani, amevaa fulana, ukungu haujaondoka vizuri na amevaa fulana, namwona kupitia kioo alichokifuta mama.

Wembe nimeuweka. Kadi nimeichana, vipande viko mfukoni mwangu. Bonifasia anauliza kulikoni, nakunja kiraka kirudi mahali pake, hakishiki, nakibana na pini zake nne za magauni, natoka hadi kizingitini nimelibeba koti kwa mikono miwili, nataka lionekane namna alivyonipa, najua atatambua, na sina hotuba, nina maneno manne tu na nimeyapanga, na hata sasa nayapanga, siwezi kuacha kuyapanga.

Nikaita, "Kaka Ndizeye." Hakugeuka. Nikaita tena, akashusha benchi, akaja, akasimama hatua chache kabla ya ngazi. Mzee Matiasi na wenzake walikuwa wanapeana mikono na mama pembeni yetu.

"Koti lako hili, kaka," nikasema, kwa sauti ya chini.

Alitazama koti, akatazama pini, akawatazama wastaafu. Mzee Matiasi aligeuka kumsalimu.

"Hilo ni la Meja," Ndizeye akasema, kwa sauti iliyotosha kusikika na wote. "Mimi sijawahi kuwa na koti."

Akarudi kupanga mabenchi.