Mpokezi Mwenye Pupa

Je, umewahi kusalimiwa, nawe upo na masikio unayo, kisha akajibu mtu mwingine? Hivyo ndivyo alivyoishi Ghalib huko Junda, mwaka wa tisini na tisa. Alikuwa karani wa makontena bandarini Kipevu, hadi kiharusi kilipomchukua ulimi na upande mzima wa kulia.

Kila alasiri aliunyosha mkono wa kushoto kuelekea mlangoni, akiguna. "Ataka barazani, apunge upepo," husema mkewe, Mwanarehema. Hubebwa pamoja na kiti chake. Wapita njia wakimsalimu, Mwanarehema hujibu: "Hajambo, alhamdulillahi." Na machozi yakimtoka mumewe, huyafuta kwa ncha ya leso. "Ni vumbi hilo." Lakini moyoni hakuwa na hakika. Miezi saba sasa, na hajui mumewe ataka nini.

Mpwa wao aliyeko Ulaya akawaletea kompyuta, na kidude chenye kitufe chekundu kipana kama kisosi. Herufi hupita moja moja kwenye kioo. Mgonjwa akiiona aitakayo, hubonyeza. Basi. Lakini kila waya wake ulipochomekwa kwenye tundu la USB, kompyuta yenyewe ilikidaka kidude, ikakifanya mausi, yaani kipanya chake cha kawaida, na programu ya herufi ikalalamika kwamba haioni kitu.

Siku ya tatu, Gershom, fundi wa Changamwe, alikuwa angali mkekani, shati limemganda mgongoni.

"Mama, nimeshindwa. Kompyuta ina draiva yake, programu inayopokea vifaa. Naifuta. Nikichomeka tu, imerudi, imekishika tena."

"Waifuta mgeni ashaingia?"

"Ndiyo."

"Nyinyi watu wa bara harusi hamzijui, mwanangu. Shangazi mwenye pupa ya kupokea wageni hafukuzwi mlangoni, atazungukia uani. Hutumwa jikoni akapepete mchele, kabla mgeni hajapiga hodi."

Gershom akacheka. Kisha akauchomoa waya. Akalihamisha faili la ile draiva, akalificha kwenye folda nyingine. Ndipo akachomeka. Kompyuta ikatafuta, isipate, ikauliza ifanyeje. Akaipa disketi iliyokuja na kidude.

Herufi zikaanza kupita.

"Ataka barazani, utaona," akasema Mwanarehema.

Ghalib akabonyeza. F. Ya pili ikampita, ikabidi angoje duru nzima. U. Chai ya Gershom ikafanya utando. N. G. A.

"Funga nini, Baba?" akauliza Mwanarehema, mkono tayari uko kwenye kiti, kukiinua. "Dirisha? Redio?"

Herufi hazikuwa na haraka naye. Nje jirani akapita, akatoa salamu, na kwa mara ya kwanza Mwanarehema hakuitikia. Alikuwa anasoma, midomo ikicheza, kama alivyofundishwa darasa la pili.

FUNGA MLANGO. NAONA HAYA.