Surua Anyooshwa Mgongo

Mama aliketi kwenye benchi la kusubiria la kliniki ya mnyoosha mgongo, mtoto wake wa miezi tisa akitafuna ukanda wa mkoba. Maumivu yake mwenyewe ya kiuno yalikwisha hapo zamani. Sasa alikuwa akimleta mtoto. Mnyoosha mgongo alimwambia aache kwanza sindano ya surua: pingili zikikaa sawa, kinga inaamka yenyewe. Aliijua mifupa, na kwa kuijua mifupa akaona ameijua na damu.

Surua mwenyewe aliingia, akapangusa miguu mlangoni, akaketi kando ya mama. Alikuwa mzee, kibiongo kimemkunja hata kidevu kikakaribia magoti.

"Shikamoo," mama alisema.

"Marahaba, mwanangu. Hizi sindano zimenimaliza. Napita mtaa mzima, sipati pa kuingia." Akamtekenya mtoto kidevuni. "Huyu kachanjwa?"

"Bado. Daktari kasema tungoje."

"Ana busara sana huyo."

Akaitwa ndani. Mnyoosha mgongo hakumuuliza anafanya kazi gani. Mgongo ni mgongo. Mama akasikia mifupa ikialika kama kuni kavu, pingili moja baada ya nyingine. Surua akatoka amesimama wima, mabega mapana, akajigeuzageuza mbele ya kioo kama bwana harusi, kisha akashika njia ya mtaani kwa hatua ndefu.

Roho ya mama ikaingiwa na wasiwasi. Akamwahi mnyoosha mgongo wa chumba cha pili, aliyekuwa akitoka kunawa mikono.

"Kaka, niambie ukweli. Nikamchanje?"

Yule wanawe wote walikuwa wamechanjwa, tena mapema. Aliutazama mlango wa mwenzake.

"Mtoto huyo ni mgonjwa wake, dada. Sisi wa fani moja hatuharibiani."

Akaendelea kufuta mikono iliyokwisha kukauka. Mama akangoja, kama alivyoambiwa.

Wiki ya pili mtoto aliwaka moto, macho mekundu, vipele vimemshuka kutoka usoni hadi kifuani. Mama akamkimbiza palepale. Mnyoosha mgongo alitokeza mlangoni, akamgusa mtoto shingo kwa vidole viwili.

"Joto ni mwili unafanya kazi, mama. Shingo ndiyo imepinda kidogo. Kaa kwenye foleni, namnyoosha sasa hivi."

Chumba cha pili kilifungwa taratibu, pasipo kelele.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Surua, amerudi kukazia tiba, amenawiri, shati jipya linambana. Akasogea kumpisha.

"Tangulia, mwanangu," alisema. "Mimi siku hizi sina haraka."