Rangi Kwenye Kitundu cha Hewa

Josiane aliweka chupa ndani ya chombo cha chuma, akakishusha kwa kamba hadi katikati ya mto, chini kidogo ya Bihambwe. Kazi yake ya kila msimu ilikuwa kupima mchanga unaobebwa na maji. Siku hiyo alikuwa anakipima chombo chenyewe kabla ya kukipeleka Itebero. Maji yanapaswa kuingia kwenye chupa kwa mwendo uleule wa mto. Yakiingia polepole, mchanga unazidi humo kuliko uliomo mtoni.

Chupa ilichelewa kujaa. Alirudia, ikachelewa tena. Alipokigeuza chombo, alikuta kitundu cha kutolea hewa kimezibwa nusu na rangi.

Mwenzake, Thierry, aliinama kutazama. "Ni mimi nilipaka," alisema. "Kutu ilikuwa inaanza."

"Lini?"

"Mbele ya mvua iliyopita."

Vipimo vya mvua ile ndivyo vilivyoifanya kamati ya mto imkataze Mama Emérita kulima shamba lake la kando ya maji, kwa kuwa udongo wake ulisemekana kuziba bomba la kijiji. Thierry alitaka wapime upya kwanza ndipo waseme. Josiane alikataa, wakapanda mlima pamoja hadi nyumbani kwa mama huyo.

Emérita alikuwa anachambua maharagwe mlangoni.

"Mama, chombo yetu ilikuwa na kasoro," Josiane alisema. "Mchanga tuliyosema ilipita kiasi."

"Nani aliiharibu?"

"Ni mimi, mama," Thierry akajibu. "Unisamehe."

"Musimu muzima nimelima kwa watu. Leo munaniambia chombo?"

Aliinuka, akaingia ndani. Walimsubiri, hakutoka.

Mvua iliporudi, walipima kwa chombo kilichosafishwa. Mchanga ulikuwa kidogo kuliko ule wa kwanza, ila haukukosekana: ukingo wa shamba ulikuwa unaporomoka kweli. Kamati ilimrudishia Emérita shamba lote isipokuwa ukingo huo, ambao ulitakiwa kupandwa matete.

Josiane alikwenda kumwambia, Thierry akiwa nyuma yake. Emérita alisikiliza hadi mwisho.

"Mbuzi inakula matete?"

"Inakula, mama."

"Basi huyu njo atayapanda," alisema, akimnyooshea Thierry kidole.

Asubuhi yote Thierry alichimba mashimo ukingoni, Emérita akimsimamia na kumwonyesha pa kuchimba.