Namba Mgongoni

Mwaka wa 1957 Dalmas Khisa alikuwa fundi wa kupiga chapa mashati katika karakana ya Bwana Pratt, mjini Nakuru. Mkono wake ulisifika. Alikata namba kwenye karatasi ngumu, akaibandika chini ya hariri iliyowambwa kwenye fremu, akailaza fremu juu ya shati na kuuvuta wino kwa ubao wenye ukingo wa mpira, mara moja tu. Wino ukikauka alipitisha pasi ya moto, usitoke kwa maji wala sabuni.

Mwezi wa Machi alipiga mashati mia moja na ishirini, kila moja na namba yake mgongoni.

"Ni ya wakimbiaji wa Molo," Bwana Pratt alimwambia.

Dalmas alipenda mbio. Kazi ile aliifanya kwa moyo.

Jumamosi moja dadake Nasimiyu, aliyechuma maua ya pareto kwenye shamba la mzungu huko Molo, alikuja kumwona kazini. Alipovua shali, Dalmas aliona 73 mgongoni mwake.

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Tumepewa sisi sote. Ukikutwa shambani bila hiyo, unafukuzwa. Nyapara hatuiti kwa majina tena. Jana aliniambia, 'Sabini na tatu, inua kikapu.'" Alilivuta shati begani. "Nimeisugua kwa majivu siku tatu. Haitoki."

"Haiwezi kutoka," Dalmas alisema. "Ni mimi niliyeipiga."

Nasimiyu alijifunga shali lake tena, polepole, bila kumtazama.

Dalmas aliingia ofisini bila kubisha.

"Vizuri umekuja," Bwana Pratt alisema. "Molo wanataka mengine mia mbili."

"Uliniambia ni ya wakimbiaji."

"Na kama ningekuambia kweli?"

"Nisingeyagusa."

"Kazi yako ni wino, Dalmas. Shati likitoka hapa halikuhusu."

"Mgongo ni wa dada yangu."

Bwana Pratt alirudi kusoma barua yake, kana kwamba mlango umefunguliwa na upepo. Hapo ndipo damu ilipomchemka Dalmas. Alirudi mezani, akachukua kisu cha kukatia karatasi, akapasua hariri ya fremu ya kwanza kutoka pembe hadi pembe. Kisha ya pili. Zote kumi na nne alizipasua, na Bwana Pratt alipotoka mbio kumzuia, alikuta matambara.

Alifungwa miezi mitatu. Karakana ilipata fundi mwingine, na yale mashati mia mbili yakapigwa.

Siku alipotoka, Nasimiyu alikuwa akimngoja nje ya lango. Alikuwa amelichoma shati lake mbele ya nyapara, penye mizani ya pareto, na jioni hiyohiyo akafukuzwa.

"Umejuta?" Dalmas aliuliza.

"Ninajuta sikulichoma siku ya kwanza."

Walishika njia ya Elburgon, kuuliza kazi kwenye viwanda vya mbao. Dalmas alitembea amekunja ngumi, na hakuzikunjua mpaka walipofika.